Kamera ya Dashibodi kwenye Daladala ya Igoma: Tathmini Baada ya Miezi Mitano

Nina Toyota Hiace moja inayobeba abiria kati ya Igoma na Mwanza mjini kwa Barabara ya Nyerere. Siku tatu za wiki ninaiendesha mwenyewe, na siku nyingine anaishika dereva anayeniletea hesabu. Kamera ninayoieleza hapa niliinunua katika duka la vifaa vya magari mjini kwa shilingi 165,000, pamoja na memori kadi yake, na fundi umeme akanitoza shilingi 15,000 kuifunga nyuma ya kioo cha mbele. Wengi hununua kifaa hiki kwa kuhofia ajali. Mimi niliinunua kwa sababu ya magari yanayoegeshwa ndani ya vituo vya daladala, hasa Buzuruga, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kulalamika bila kuwa na kitu cha kuonyesha.

Kazi ya kwanza iliifanya katika wiki ya pili. Saa moja na dakika kumi asubuhi nilikuta gari dogo jeupe, lenye kibao cha njano cha gari binafsi, limeegeshwa katikati ya kituo, na dereva hayupo. Nilisimama barabarani kwa kukosa pengine pa kusimama, konda akafungua mlango wa kushoto, na mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya dagaa akaanza kushuka. Wakati huohuo bodaboda ilipenya katika upenyo uliobaki kati ya gari langu na lile lililoegeshwa, ikaigonga ndoo. Mama hakuumia, ila dagaa wote walimwagika kwenye lami. Nilipoitazama video jioni, niliona kwamba kamera haikuuona mlango kabisa, kwa kuwa inatazama mbele tu. Kilichosikika ni sauti ya konda akipiga kelele na ndoo ikidondoka. Hata hivyo ilikuwa imenasa vizuri kibao cha lile gari jeupe nilipokuwa ninalikaribia, na sekunde mbili baada ya ndoo kudondoka bodaboda ilitokea mbele yetu, namba yake ya MC ikisomeka yote. Kwa picha ya mchana, basi, sina malalamiko: gari lililosimama hatua kumi mbele yangu ninaisoma namba yake bila kukaza macho.

Jioni mambo hubadilika. Ninapotoka Igoma kuelekea mjini saa kumi na moja na nusu, jua linaloshukia ziwani huingia moja kwa moja kwenye lenzi, na vibao vyote vya mbele yangu huwa vyeusi. Usiku taa za magari hufanya kibao king'ae hata namba isionekane, na katika majira ambayo wadudu wa ziwani hutoka kwa makundi, kioo hupakaa utando ambao waipa huutandaza badala ya kuuondoa. Kioo kinapaswa kufutwa kwa maji na kitambaa kila jioni.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ni saa. Niliipeleka video ya Buzuruga kwa mwenyekiti wa madereva wa kituo chetu, tukiwa na nia ya kumtafuta mwenye gari na kuzungumza naye, na jambo la kwanza alilolisoma kwenye kona ya picha lilikuwa tarehe 1 Januari 2018. Betri ndogo iliyomo ndani ya kamera ilikuwa imechoka kwa joto la gari linaloshinda juani, na kila nilipozima injini usiku, saa ilirudi mwanzo. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole jinsi nitakavyomthibitishia mtu kwamba siku ile gari lake lilikuwa pale na si mahali pengine mwaka mwingine. Sikuwa na jibu. Namba ilikuwepo, gari lilikuwepo, na kituo kilitambulika, lakini ushahidi wenyewe haukuwa na siku.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia namna miji mingine inavyozitumia kamera za aina hii kulinda njia maalumu za mabasi, kwa sababu huko picha hugeuka kuwa faini. Jijini New York, tangu Oktoba 2019, kamera hufungwa kwenye mabasi yenyewe, kuanzia mabasi ya ruti ya M15. Basi linapokuta gari limeziba njia yake, hurekodi namba, mahali, saa na picha zaidi ya moja, ili gari linalokata kona kihalali lisichanganywe na lililosimama. Kisha idara ya usafiri ya jiji huukagua ushahidi kabla ya adhabu kutolewa. Faini huanzia dola 50 na kupanda kwa kila kosa linalorudiwa hadi dola 250, na ruti mpya inapoanza kutumia kamera, madereva hutumiwa maonyo kwa siku 60 kabla ya kutozwa chochote. Mwaka 2024 mpango huo ulipanuliwa hadi kwenye magari yanayoziba vituo vya mabasi, ambayo ndiyo shida yangu ya Buzuruga. Mwaka huohuo ilibainika pia kwamba maelfu ya madereva walikuwa wameandikiwa faini kimakosa, wengine wakiwa wameegesha mahali panaporuhusiwa. Kama mfumo wenye wakaguzi umeweza kukosea kiasi hicho, basi mtu anayetaka kamera yake iaminiwe hana budi kuanza na saa sahihi.

London nako anayeingia kwenye njia ya mabasi katika barabara kuu za jiji huandikiwa pauni 160, zinazopungua kwa nusu akilipa ndani ya siku 14, na asiyeridhika anaweza kufika mbele ya baraza huru la rufaa. Sisi Tanzania tunazo njia za mwendokasi Dar es Salaam tangu 2016, zilizotengwa kwa kingo za zege, na bado bodaboda na magari binafsi yamekuwa yakiingia humo pale ambapo hapana askari. Hilo linanifanya niamini kwamba kingo peke yake hazitoshi. Mwanza haina njia ya namna hiyo, ila itakapofika siku ya kuchora mstari kwenye Barabara ya Nyerere au ya Kenyatta, ningependa kamera zije pamoja na rangi.

Kuna jambo moja ambalo miji hiyo imelitatua na sisi hatujalitatua. New York na London, adhabu ya kamera humwendea mmiliki aliyesajiliwa, yeyote aliyekuwa kwenye usukani. Huku kwetu magari mengi yameuzwa mara mbili au tatu bila kubadilisha jina kwenye kadi, na faini ya shilingi 30,000 ingemfikia mtu aliyeliuza gari zamani na kwenda kuishi Geita. Kwa daladala ni vigumu zaidi, maana mwenye gari yuko nyumbani anasubiri hesabu, na aliyesimama vibaya ni dereva. Katika daladala yangu nimekubaliana na dereva kwamba kamera ikimwonyesha amepakia nje ya kituo kwa hiari yake, atalipa mwenyewe. Ikionyesha kituo kimezibwa, nitalipa mimi. Makubaliano hayo yamepunguza ubishi kuliko kitu chochote nilichowahi kujaribu, na kwa hilo peke yake kamera imerudisha gharama yake.

Je, ninaipendekeza? Kwa mwenye gari binafsi linalolala kivulini na kutembea mchana, ndiyo, kwa bei hii inafaa. Kwa daladala, hapana. Atafute yenye kapasita, yaani kifaa kingine cha kuhifadhi umeme kidogo, badala ya betri, kwa sababu kapasita huvumilia joto, na yenye kupokea saa na mahali kutoka kwenye setilaiti, ili tarehe ijirekebishe yenyewe kila gari linapowashwa. Duka lile wanayo kwa shilingi 290,000. Muuzaji, ambaye hakunieleza habari ya betri siku ya kwanza lakini alikiri kasoro nilipomrudia, amekubali kuipokea ya zamani kwa shilingi 80,000, na fundi ataifunga mpya Jumapili, akiisogeza sentimita chache kushoto ili ukingo wa kituo uonekane kwenye picha.