Mabandiko membamba ya vidonda: kabla ya kulipa, uliza gundi yake

Wasomaji wananiandikia lalamiko lile lile: bandiko la plastiki linaloonyesha ngozi iliyo chini yake lilikaa vizuri juu ya mchubuko, kidonda kikapona, lakini siku ya kulibandua likaondoka na ngozi ya pembeni. Mmoja wao anamuuguza mama yake mzee. Mchubuko wa kiwiko umeshafunga, ila kando yake pana kidonda kipya, kimenyooka kufuata ukingo wa bandiko.

Kwa hiyo ukubwa, na kama unaweza kuoga nalo, sitavigusa. Karibu yote ni utando wa poliuretani, aina ya plastiki, unene wake makumi machache ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unaopitisha mvuke na oksijeni huku ukizuia maji na bakteria. Tangu mwaka 1962, George Winter alipofunika majeraha ya nguruwe kwa polithini, inajulikana kwamba kidonda chenye unyevu hufunga upesi kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gaga. Utando wenyewe hauna ubaya. Tatizo ni gundi, na hakuna anayeitazama.

Gundi ya akriliki siku ya kwanza hushika kiasi. Joto la mwili huilainisha, ikaingia polepole kwenye vijistari vya ngozi, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyozidi kung'ang'ania. Ukibandua, tabaka la juu la ngozi linafuata. Kijana atahisi mwasho tu. Kwa mzee, kwa mtoto mchanga, au kwa aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu, ngozi huchanika kama karatasi iliyolowa. Gundi ya aina ya pili, silikoni laini, hushika papo hapo na nguvu yake haipandi namna hiyo.

Ndiyo maana namba moja kwangu, bila kupepesa macho, ni Mepitel Film, yenye gundi ya silikoni, ya kampuni ya Mölnlycke ya Sweden. Mwaka 2014 yalichapishwa majaribio ya New Zealand kwa wagonjwa 78 wa saratani ya matiti waliokuwa wakipigwa mionzi. Sehemu za ngozi zilizofunikwa kwa utando huu hazikuchubuka na kutoa majimaji hata kwa mmoja. Kati ya zilizopakwa krimu, asilimia 26 zilichubuka hivyo. Ngozi iliyochoshwa na mionzi ikiweza kulivumilia, ya mama yako italivumilia. Penye jasho jingi au nywele hulegea, na bei yake inauma.

Namba mbili ni Tegaderm. Gundi yake ni akriliki, lakini fremu yake ya karatasi imefikiriwa vizuri: unaulaza utando ukiwa bado umeshikwa na fremu, unapapasa kingo, ndipo unaivua fremu, na utando haupati nafasi ya kujikunja na kujinata wenyewe. Anayejifunga kwa mkono mmoja atashukuru. Opsite ya Smith & Nephew naiweka pamoja nayo. Lolote kati ya haya usilinyanyue juu kama plasta. Inua kona moja, kandamiza ngozi kwa kidole, kisha vuta utando usawa na ngozi mpaka unyumbuke. Gundi itaachia yenyewe.

Namba tatu ni ya haidrokoloidi, kama Compeed na DuoDERM. Ni nene zaidi, hunyonya majimaji na kufanya jeli ya manjano ambayo wengi huidhania usaha. Ni nzuri kwa malengelenge ya kisigino.

Ya bei ya chini yasiyo na jina: boksi lisipotaja gundi, liache.

Kidonda chenye kina kirefu, cha kuumwa na mnyama, au chenye usaha, usikifunike kwa utando wowote kati ya hizi, kinahitaji mtaalamu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, walishatengeneza utando wa kitosani (hutoka kwenye maganda ya kaa na kamba) na aljineti (hutoka kwenye mwani) wenye unene wa nanomita 75 hivi, yaani chini ya sehemu ya kumi ya mikroni moja, unaonata bila gundi yoyote. Dukani bado tunauziwa maneno. “Rafiki kwa ngozi” imechapwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi, aina ya gundi haipo popote, na wauzaji wa mtandaoni wanapiga picha upande huo mmoja tu. Wengine wanafungua boksi na kuuza bandiko moja moja, maelezo yakibaki kwao na tarehe ya mwisho wa matumizi huioni, kisha jumla ya bei inazidi ya boksi zima. Dai boksi lililofungwa, geuza nyuma, usome. Muuzaji asiyejua kama anauza akriliki au silikoni hastahili pesa ya mtu anayemuuguza mama yake.