Uzoefu wangu na programu ya mikopo ambayo sijawahi kuipakua

Kwa kawaida anayeandika uzoefu wake wa huduma fulani huwa ni mteja. Mimi si mteja. Sijawahi kuipakua programu hii, sijawahi kuomba humo mkopo hata wa shilingi elfu kumi, wala sijawahi kubonyeza mahali popote palipoandikwa "nakubali". Hata hivyo huduma yake nimeipata, tena kwa ukamilifu kuliko baadhi ya wanaoilipia riba, na kwa hiyo naamini ninayo haki ya kuitolea tathmini. Jina lake sitalitaja, kwa sababu programu za namna hii zikichafuka hurudi sokoni na jina jipya, na msomaji atakayelishika jina moja atajiona salama mbele ya mengine yote.

Simu iliingia katikati ya wiki, kipindi ambacho mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua, nami nikiwa bado kazini. Sauti ilikuwa ya kijana wa kiume, Kiswahili chake cha hapa hapa Dar es Salaam, na hakuamkia. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu lilinikera kuliko hata vitisho vilivyofuata: mtu ambaye kwa sauti yake angeweza kuwa mwanangu wa mwisho alinipigia simu bila shikamoo, bila habari za saa hizi, bila hata kujitambulisha.

"Wewe ndiye Mamkubwa Tabata?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Mwambie mtoto wako alipe hela za watu. Wewe ndiye mdhamini wake. Ikifika saa kumi hajalipa, tunakurusha."

"Mwanangu, salamu huna?"

"Sikupiga ili tusalimiane."

Akakata. Nilipopiga tena, namba ile haikupatikana, na haijapatikana hadi leo.

Hakuna mtu duniani anayeniita Mamkubwa Tabata isipokuwa mmoja. Majirani huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kazini naitwa kwa jina la mume wangu, na kwenye kikoba chetu mimi ni mweka hazina. Mtoto wa mdogo wangu, ambaye ana mama mkubwa mwingine kule Mbagala, ndiye aliyenihifadhi hivyo katika simu yake ili asituchanganye. Kwa hiyo kabla yule kijana hajafika kwenye neno "mdhamini" nilikuwa nimekwisha kujua kilichotokea: mtu nisiyemjua alikuwa ameketi mahali fulani, orodha ya majina ya simu ya mtoto wetu iko mbele yake, na ananiita kwa jina la upendo ili anitishe.

Saa kumi ilipopita, walitimiza ahadi. Baadhi ya wanakikoba wenzangu walipokea ujumbe uliosema kwamba mwenye namba yangu ni mdhamini wa tapeli aliyetoroka na fedha za kampuni, na kwamba anayenifahamu anishauri nilipe. Kijana wetu ni dereva wa bodaboda. Ndiye anayewabeba akina mama wale wanapokwenda sokoni alfajiri, na namba zao anazo kama wateja wake. Jumamosi iliyofuata tulipokutana, mwenyekiti, ambaye namheshimu sana, alisema kwa upole kwamba siku hiyo ingekuwa vyema fedha za sandukuni zihesabiwe mwanzoni, mbele ya wote, kabla hatujaanza kununua hisa. Siku zote huwa tunahesabu mwishoni. Wenye funguo tatu wakaja, makufuli matatu yakafunguliwa, fedha ikahesabiwa, ikatimia hadi shilingi ya mwisho. Hakuna aliyeniomba radhi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenishutumu. Mmoja tu, tulipokuwa tunatoka, alinishika mkono akaniambia, "Dada, dunia ya sasa mtu unahakikisha tu." Nimekuwa mweka hazina wa kikoba kile tangu kilipoanzishwa. Kama ningeibiwa fedha ningejua niende kudai nini. Kwa hili la kuhesabiwa sanduku mapema sijui nimdai nani.

Nilimwita kijana wetu akanionyesha jinsi programu ile ilivyoingia kwenye simu yake. Hakuipata katika duka la kawaida la programu. Alitumiwa kiungo, akabonyeza, ikajipakia yenyewe. Kumbe duka la Google, tangu tarehe 31 Mei 2023, linazikataza programu za mikopo binafsi kugusa picha na majina yaliyohifadhiwa katika simu ya mkopaji, na njia ya kulikwepa katazo hilo ndiyo hii ya viungo vinavyozunguka mitandaoni. Ilipofunguka iliomba ruhusa ya majina, ya ujumbe mfupi na ya mahali alipo, na bila ruhusa hizo haisogei. Ujumbe mfupi wanautaka kwa sababu maalumu: kila mtu hapa mjini hupokea na kutuma fedha kwa simu, na kila muamala huacha ujumbe wenye kiasi na salio, kiasi kwamba anayesoma ujumbe wako anajua kipato chako kuliko mkeo. Majina wanayataka kwa siku ya kuchelewa. Aliomba laki moja, ikaingia pungufu kwa kuwa makato yalikatwa mwanzoni, na baada ya siku saba akatakiwa arudishe laki nzima na nyongeza juu. Watu wa mtaani wanaiita mikopo ya aina hii kausha damu, na sina cha kuongeza.

Lakini lazima niseme kweli yote, maana nilipotulia kidogo nilijikuta siwezi kuilaani programu hii moja kwa moja. Pikipiki anayoendesha kijana wetu ni ya mkataba, yaani humpelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku hadi mkataba uishe na iwe yake. Alikuwa ameugua, hesabu ya siku kadhaa haikupelekwa, na tajiri wake akamwambia kwamba kesho yake asubuhi angeichukua pikipiki, wakati huo mkataba ukiwa unakaribia kwisha. Ilikuwa usiku. Benki haimjui. Sisi wenye kikoba tunakopesha Jumamosi tu, tena kwa mwanachama, tena kwa kadiri ya hisa zake, na yeye hana hata moja. Programu hii ilimpa fedha kabla hajamaliza kunywa chai, na pikipiki ikabaki. Kwa hilo, na kwa hilo peke yake, katika rasimu ya kwanza ya tathmini hii nilikuwa nimeipa nyota tatu kati ya tano.

Tena kijana alinijibu jambo ambalo lilinikaa moyoni. Alisema, "Mamkubwa, hata nyie kwenye kikoba mnasoma madeni ya watu kwa sauti." Ni kweli. Anayechelewesha rejesho kwetu hutajwa jina mbele ya wote, hutozwa faini mbele ya wote, na nimewahi kumwona mama mtu mzima akilia kwenye kikao. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu mdhamini huweka sahihi yake kwenye daftari huku akijua anamdhamini nani na kwa kiasi gani, na deni linasomwa mbele ya watu ambao mkopaji mwenyewe aliwachagua siku alipojiunga. Mimi nilifanywa mdhamini na mashine. Sikuulizwa, sikutaarifiwa, na habari za deni nilikuja kuzijua kutoka kwa mtu aliyekataa kunisalimia.

Jambo hili lilipofika barazani kwetu liligeuka haraka kuwa siasa za dunia. Kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kila uovu wa mtandaoni una mzizi Beijing. Alinikumbusha kwamba Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuilazimisha ByteDance, kampuni ya Kichina yenye TikTok, iiuze TikTok au ifungiwe nchini humo, na kwamba mwaka 2025 mamlaka ya Ireland iliitoza TikTok faini ya euro milioni 530 kwa sababu ya taarifa za Wazungu kufikika kutoka China. Kijana wetu akadakia kwamba walimu wa mchezo huo ni Wamarekani wenyewe, akamtaja Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi katika ujasusi wa Marekani, na nyaraka alizozivujisha mwaka 2013 kuhusu nchi hiyo kuchunguza mawasiliano ya watu, akaongeza kwamba Ireland hiyo hiyo iliitoza Meta, kampuni yenye Facebook, euro bilioni 1.2 mwaka 2023 kwa kuhamishia Marekani taarifa za watu wa Ulaya. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho shemeji akanigeukia akasema, kwa nia ya kunifariji, "Shemeji, kama simu ya Angela Merkel ilisikilizwa, wewe wa Tabata utajificha wapi?"

Nimelifikiria sana swali hilo, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyoniudhi. Merkel, wakati huo kiongozi wa serikali ya Ujerumani, alipoambiwa kwamba Wamarekani wanaisikiliza simu yake, alimpigia Obama mwenyewe kumlalamikia. Mimi nilipiga namba ile ikawa haipatikani. Zaidi ya hapo, jasusi hujificha. Kazi yake huharibika siku utakapojua kwamba anajua. Yule aliyenipigia alitaka kinyume chake, alitaka nijue kwamba anajua, na alitaka wenzangu wote wajue. Hakuna ofisi Beijing wala Washington inayohangaika na nani anashika fedha za kikoba cha akina mama wa Tabata, lakini kijana mmoja mwenye lafudhi ya mjini kwetu alihangaika nalo mchana kutwa, na alilipwa kwa kuhangaika. Tunapoendelea kuuliza kama seva ziko China au California, ambalo ni swali zuri na lina watu wake, huyu wa hapa jirani anaachwa apige simu ya pili na ya tatu. Nimechoka kuambiwa kwamba faragha ni habari ya marais.

Wala si kweli kwamba hatuna sheria, hoja ambayo hutolewa barazani kila mara na mtu asiyetaka kusoma. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024 na ambayo hupokea malalamiko. Benki Kuu nayo, mwishoni mwa mwaka 2024, ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Niliisoma orodha ile jina kwa jina. Programu hii haimo, jambo ambalo shemeji alilichukua kuwa ushahidi wa uhalali wake, na mimi nikaliona kuwa ushahidi tu wa wepesi wa kubadili jina.

Basi nikaamua kuwaandikia wenyewe. Ofisi hawana, au hawaitaji popote; kuna anuani ya barua pepe chini kabisa ya ukurasa wao. Niliandika kwa adabu, kwa Kiswahili safi, nikieleza kwamba sijawahi kumdhamini mtu kwao, kwamba kijana amekwisha kulipa deni na adhabu yake yote, na kwamba naomba namba yangu na jina walilonihifadhi nalo vifutwe. Nakiri kwamba majibu yalikuja upesi kuliko nilivyotarajia, na kwa muda mfupi nilidhani nyota zangu tatu zilikuwa chache.

Yalianza kwa "Mpendwa mteja". Yakaendelea kunieleza kwamba kampuni inathamini sana faragha yangu, na kwamba kwa ajili ya usalama namba haiwezi kufutwa hadi mwenye namba athibitishwe. Ili nithibitishwe napaswa kuipakua programu, kuingiza namba yangu ya kitambulisho cha taifa, kupiga picha ya uso wangu nikiwa natazama kamera, na kuiruhusu programu kusoma majina na ujumbe katika simu yangu. Yaani ili wanisahau, niwape kila kitu wasichokuwa nacho, pamoja na namba za watu wote ninaowafahamu, kuanzia mama yangu mzazi aliyeko kijijini hadi wanakikoba wachache ambao ujumbe wa kwanza haukuwafikia.

Nyota tatu nimezifuta. Kijana wetu ananiambia sitendi haki, kwamba pikipiki ipo na mkataba umebaki kidogo, na kwamba kama ningekuwa mimi usiku ule ningebonyeza vilevile. Huenda. Yeye ampe nyota aliyemkopesha. Mimi naandika kuhusu huduma niliyopewa mimi. Barua yao nimeichapisha stationery pamoja na ujumbe waliowatumia wenzangu, mwenyekiti wa kikoba amekubali kuweka sahihi kama shahidi, na bahasha naipeleka Tume kwa mkono wangu mwenyewe. Programu yao sipakui.