4D4 na 2B10 za DSHB: vingamwili viwili vya kuanzia kwenye diski ya bawa la nzi wa matunda

Kingamwili ni protini inayoshika protini nyingine mahususi, na hapa kinatumika kuionyesha kwenye diski ya bawa, yaani kifuko cha seli ndani ya buu kitakachokuwa bawa. Vyote viwili ni vya panya na vinauzwa na DSHB, hazina ya vingamwili ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1986. Bei ni nafuu, na kazi vinaifanya.

4D4 hushika Wingless, protini ya ujumbe unaotoka seli moja kwenda nyingine. 2B10 hushika Cut, protini ya kwenye kiini ambayo seli za mpaka wa mgongo na tumbo wa bawa huitengeneza zikishapokea ishara ya Notch, kipokezi cha ujumbe kutoka seli jirani. Ukiona mstari mwembamba wa Cut, Notch imesikika.

Chukua buu wa hatua ya tatu aliyeanza kupanda ukuta wa chupa. Geuza nusu ya mbele ndani nje, toa utumbo na mafuta, diski ziache zimeshikana na ngozi. Loweka kwenye paraformaldehaidi ya 4% (ya kukaza tishu) dakika 20, osha kwa PBS (maji ya chumvi) yenye Triton 0.3% (sabuni ya kutoboa utando wa seli), weka seramu ya mbuzi 5% ili kingamwili kisishike ovyo, kisha kingamwili 1:100 usiku kucha kwenye nyuzi 4.

Kwa njia hiyo 4D4 inaonyesha zaidi Wingless iliyo ndani ya seli zinazoitengeneza. Iliyosambaa nje huioni vizuri. Ukiitaka hiyo, weka kingamwili 1:3 kwenye diski hai juu ya barafu, bila Triton, ndipo uloweke kwenye paraformaldehaidi. Barafu huzuia seli kumeza kingamwili. Kwa kipimo hicho chupa ya kawaida ya kingamwili inaisha haraka mno, kwa hiyo hapa nunua iliyokolezwa.

Kasoro kubwa: kwa kuwa vyote ni vya panya, usivichanganye kwenye sampuli moja, maana kingamwili cha pili, kile kinachong'aa na kushika kingamwili chochote cha panya, hakitavitofautisha. Oanisha kimojawapo na cha sungura.

Cut isipoonekana, usiilaumu chupa ya kingamwili kwanza. Mstari wake hutokea mwishoni mwa hatua ya tatu, na buu mchanga hana. Upande wa kifua nao utang'aa sana. Huo si uchafu, ni seli za misuli ya baadaye, ambazo zina Cut nyingi. Shusha au pandisha fokasi ya hadubini zikupishe.

Gawa vingamwili kwenye vichupa vidogo kabla ya kuweka friza. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoviua.