Mfuko wa samayika: kitambaa chema, ufagio mbovu, karatasi ya kutupa

Mfuko huu unauzwa dola 35 katika duka moja la bidhaa za Kihindi katikati ya Lubumbashi. Ndani mna vitu vitano na karatasi ya maelekezo, vyote vya kufanyia samayika: kikao cha dakika 48 ambamo Mjaini (mfuasi wa Ujaini, dini ya Kihindi ya kutodhuru kiumbe chochote) asiye mtawa huapa kuishi kama mtawa. Hagusi moto, umeme wala maji mabichi, hachumi jani, hamkasirikii mtu. Dakika hizo ni ghadi mbili, kila ghadi dakika 24.

Tuanze na kizuri. Katasanu, kitambaa cheupe cha kukalia, ni sufu halisi. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: unanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Ni kizito kiasi cha kuzuia baridi ya sementi asubuhi za Juni na Julai. Usikianike sakafuni wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu halitoki kwenye sufu nyeupe.

Ufagio, charavalo, umepatia vipimo tu. Mpini ni vidole 24, nyuzi ni vidole 8, jumla 32 kama inavyotakiwa. Lakini nyuzi zake ni nailoni: ukizichoma zinayeyuka na kuganda tone gumu jeusi. Kasoro hii si ndogo. Ufagio huu ni wa kumwondolea mdudu njia bila kumuumiza, kabla ya kukaa na kila unapotaka kusogea. Mvua za Novemba zikianza, kumbikumbi hufuata taa, hudondosha mabawa, na siafu huwafuata hukohuko sakafuni. Pitisha nyuzi hizi upande wa ndani wa kiganja, pale ngozi ilipo laini: zinakwaruza. Kinachokukwaruza wewe kinamvunja siafu miguu. Mpelekee fundi abadilishe nyuzi, ila uzi wa kufumia wa sokoni mara nyingi si sufu, kwa hiyo uchome kwanza.

Muhapatti, kitambaa cha kuweka mbele ya mdomo unaposoma, ni pamba safi. Hakina kamba. Wanaokishika mkononi, kama Wamurtipujaka, dhehebu la Wajaini wanaoheshimu sanamu, hawatapungukiwa. Familia za madhehebu ya Sthanakvasi na Terapanthi, wanaokifunga masikioni, washone kamba wenyewe.

Tasbihi ina shanga 108 na moja kubwa isiyohesabiwa. Hesabu kabla ya kulipa. Idadi hiyo ina maana yake: ni sifa za makundi matano yanayosalimiwa katika Navkar, sala kuu ya Wajaini: 12 za arihanta (walioshinda tamaa), 8 za sidha (roho zilizokombolewa), 36 za acharya (wakuu wa watawa), 25 za upadhyaya (walimu wa maandiko) na 27 za watawa. Ukifika kwenye shanga kubwa usiivuke, geuza tasbihi urudi ulikotoka.

Saa ya mchanga imeandikwa dakika 48. Tuliipima mara tatu, ikaisha kwenye 46. Kuzidisha muda hakuna ubaya, kupunguza ndiko kunakoharibu kiapo, basi mchanga ukiisha endelea kukaa kidogo. Iweke pahali palipo sawasawa.

Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyotuudhi. Inamwambia mnunuzi afumbe macho na kukiwaza anachokitamani mpaka kimjie. Katika Ujaini, hilo lina jina na ni kosa. Dhyana, yaani namna za kuzamisha mawazo, ziko nne: arta ya majonzi na tamaa, raudra ya ukatili, dharmya ya wema, na shukla iliyo safi kabisa. Mbili za kwanza hufunga karma, mzigo wa matendo unaoing'ang'ania roho. Kutamani raha ya kesho huitwa nidana, na nidana ni aina mojawapo ya arta. Anayeifuata karatasi hii anakaa dakika 48 akijiongezea mzigo aliokuja kuupunguza. Navkar yenyewe haiombi kitu chochote, inasalimu tu. Muuzaji aitoe karatasi hiyo mfukoni.

Utaratibu wa Wamurtipujaka, kwa kifupi, ni huu. Fagia taratibu, tandika, soma Navkar. Soma Iriyavahiyam, maneno ya kuomba radhi kwa viumbe uliowaumiza ukitembea. Fanya kayotsarga, yaani uuache mwili bila kutikisika, ukisoma kimoyomoyo Logassa moja, utenzi wa kuwasifu walimu wakuu 24 wa Ujaini. Usiyeijua soma Navkar nne. Kisha Logassa kwa sauti, halafu kiapo cha Karemi Bhante. Saa ya mchanga igeuzwe hapo, baada ya kiapo. Wengi huigeuza wakati wa kutandika, na hapo dakika kadhaa zimeshapotea. Muda wenyewe ni wa tasbihi, kusoma, au kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka.

Makosa yanayohesabiwa ni 32: ya moyo 10, ya maneno 10, ya mwili 12. Yanayowapata wageni kila mara ni ya mwili: kuegemea ukuta, kunyoosha miguu, kusinzia. Kaa mbali na ukuta tangu mwanzo. Mbu akiuma hapigwi, kwa hiyo jifunike miguu kwa kikwembe kabla ya kuapa. Simu ibaki chumba kingine.

Kwa dola 35 mfuko mzima ni ghali. Muuzaji anakubali kuuza kimoja kimoja ukimwomba: chukua katasanu, tasbihi na muhapatti.