TAHADHARI: Muuza kompyuta za CTIS anayeongea Kiswahili, msimtumie hela wala kifaa chenu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe maneno yakipangika vibaya. Kuna mtu anauza kompyuta za CTIS, ule mfumo wa kujaza na kupunguza upepo wa matairi ukiwa umekaa kwenye usukani, za haya magari ya jeshi tunayonunua minadani hapa Marekani, na anawawinda hasa wanaoongea Kiswahili. Amenipiga dola 1,850. Tena si hela tu. Amechukua kompyuta yangu niliyokuja nayo kwenye gari, iliyokuwa haina ugonjwa wowote, na sauti yangu ameitumia kumuuzia mtu mwingine. Hilo la sauti ndilo limenitoa kimya. Nilikuwa nimeamua nife nalo moyoni.

Gari langu ni M923A2, lori la jeshi la matairi sita, kwa ufupi tunaliita A2. Tangu Januari taa za CTIS zilikuwa zinapepesa zote kwa pamoja. Nikiwasha, upepo ukishajaa kwenye matangi, zinatulia kama dakika moja hivi, kisha zote tano zinaanza kupepesa na mfumo unajifunga. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa linashuka lenyewe kila usiku. Mimi nabeba maji na majani ya ng'ombe kwenye mashamba ya mchanga, bila CTIS kazi hakuna. Barabarani nataka psi 60, nikiingia mchangani nataka 25, nikitoka nataka kurudi 60 bila kushuka na mpira wa kujazia kwenye matairi sita. Ndiyo maana nililinunua gari hili, sikulinunua kwa sababu linatisha.

Basi nikaandika kwenye kundi moja la magari ya jeshi, kwa Kiingereza, nikaeleza dalili. Baada ya saa mbili napata ujumbe pembeni: "Shikamoo kaka mkubwa. Jina lako limenifanya nijue wewe ni wa nyumbani."

Nawaomba muelewe kwa nini nilimwamini. Miaka kumi na mbili nipo hapa, sijawahi kukutana na mtu wa kwetu anayejua habari za CTIS. Wengi nikiwaambia gari linajijazia upepo lenyewe wananiangalia tu. Huyu akaniuliza swali la kifundi moja kwa moja: taa zinapepesa zote au moja? Upepo wa breki unafika wapi kabla mfumo haujaanza? Ukisimama karibu na gurudumu unasikia kitu kinapuliza? Haya ni maswali ya haki. CTIS haiwezi kuanza kujaza matairi kabla breki hazijapata upepo wake, na kila mtu aliyewahi kuihangaikia anajua hivyo. Nikasema huyu ni mwenzangu.

Akaniambia aliingia jeshini kwa MAVNI, ile programu iliyokuwa inachukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Akasema alikuwa 91B, fundi wa magari ya magurudumu. Nina shemeji aliyeingia kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo niliijua, na kuijua kwangu ndiko kukaniponza. Mtu akikuambia jambo unalolijua kuwa lipo, unadhani na yeye yupo ndani yake.

Tukaongea kwa simu siku tatu. Sauti ya upole, anasema "kaka" kila baada ya sentensi, ananiuliza watoto wamelalaje. Siku ya tatu akatoa hukumu: kompyuta yako imekufa, ubao wa ndani umeungua, ni ugonjwa wa hizi A2 zote. Nina moja nimeifufua, nimeipima mezani, na valvu sita za magurudumu nakupa humohumo. Dola 1,850. Ila, kaka, nahitaji ya kwako ya zamani ya kubadilishana, itume kwanza, ikifika tu naachia mzigo.

Sasa hapa ndipo ninapojiona kila nikifumba macho. Alinipigia kwa video. Meza ya mbao, taa ya fundi imening'inia juu, betri mbili za gari zimeungwa kupata volti 24. Kompyuta ipo katikati ya meza, na juu yake kipande cha gundi ya karatasi kimeandikwa jina langu kwa kalamu nene. Jina langu, ndugu zangu. Akasema, "Kaka, hii tayari ni ya kwako, siwezi kumpa mtu mwingine." Akagusa waya, taa ya HWY, yaani ya barabara kuu, ikawaka. Akabonyeza, ikahamia ya pili. Akabonyeza, SAND, ya mchangani. Akabonyeza, EMER, ya dharura. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Mbona inafanya kazi, mlipe basi upate kulala." Nikamlipa palepale, kwa ile njia ya kutumiana ndugu na marafiki, kwa sababu alisema njia ya biashara inakata ada na yeye hataki kunikata mimi. Kesho yake asubuhi nikapeleka kompyuta yangu posta, nimeifunga kwa taulo isije ikavunjika njiani.

Mzigo ulikuja kweli. Siku tisa. Nikaufungua nikiwa nimesimama sebuleni, nikauchukua hadi kwenye gari usiku uleule. Nikachomeka, nikawasha injini, nikasubiri upepo upande. Taa ya HWY ikawaka, ikatulia. Dakika moja. Tano. Kumi. Haipepesi. Nikalia, sioni aibu kusema hilo, miezi minne nilikuwa nahangaika. Nikachukua simu nikamtumia sauti WhatsApp, sekunde arobaini hivi, namshukuru, namwombea dua, nasema "wewe ni fundi wa kweli, mtu wetu, kila mwenye A2 aje kwako."

Kwa siku tatu nilitembea na gari hilo barabarani.

Siku ya nne nikaingia shamba la mzungu mmoja ninayempelekea maji, mzigo umejaa. Nikabonyeza SAND. Taa ikahamia SAND vizuri kabisa. Nikaingia mchangani, mita hamsini tu, gari likakaa hadi ekseli. Nikashuka na kipimo cha mkono. Matairi matano yalikuwa 60 kama nilivyoyajaza mwenyewe. Hayakushuka hata kidogo. La sita, la nyuma kushoto, lilikuwa 31, na nilipoliwekea kiganja ubavuni nilikitoa haraka, lilikuwa la moto kama sufuria. Nimetoka maili sitini za barabara kuu na tairi hilo huku taa mbele yangu inaniambia HWY, kila kitu sawa. Tairi la 14.00R20 likipasuka kwenye mwendo, pembeni yako kuna gari dogo la mama na watoto, mimi ningekuwa naandika nini leo?

Nikafungua kisanduku usiku huo. Parafujo nne. Gamba ni la kweli, la jeshi kabisa, na kibandiko chake. Ndani hakuna ubao wa kompyuta. Kuna sponji ya kuoshea vyombo, ya manjano na kijani, imekatwa kwa mkasi ili kujaza nafasi. Juu ya sponji kuna kibao kidogo, upana wa vidole viwili, chenye taa na saketi ya kuhamisha taa ukibonyeza. Waya mbili tu zinakwenda kwenye plagi, za umeme. Pini nyingine zote zimekatwa kwa ndani, zimesuguliwa zikawa laini. Kisanduku kile hakizungumzi na PCU, kile kifaa cha chini ya gari kinachopitisha upepo wa matairi, hakisomi upepo, hakijui hata kama gari lina matairi. Kinawasha taa, basi.

Valvu za magurudumu zilikuwa kuukuu zilizopakwa rangi ya kijani. Nilipofungua ya kwanza, mpira wa ndani ulikatika vipande mkononi kama keki kavu.

Nikampigia. Mara ya kwanza alipokea, akasema nitakuwa nimechomeka vibaya nikaunguza. Mara ya pili hakupokea. Kuanzia hapo namba haipatikani.

Ugonjwa wenyewe wa gari ulikuwa nini? Jamaa yetu wa Houston, mnamjua, aliniazima kompyuta yake nzima. Nikachomeka, zikapepesa vilevile! Kwa hiyo haikuwa kompyuta tangu mwanzo. Tukaanza chini. Tulijaza matairi yote kwa mkono, injini imezimwa, tukapaka maji ya sabuni kwenye kila valvu. Ya nyuma kushoto ilitoa povu palepale. Ndani mpira umechanika kama kucha. Tukaibadilisha. Zikapepesa tena, ila sasa baada ya dakika nne badala ya moja. Tukachomoa plagi ya PCU chini ya gari: pini mbili zina kutu ya kijani, maji yamekaa humo miaka. Tukasafisha kwa brashi ndogo na dawa ya dukani, tukamwaga na maji yaliyokuwa kwenye matangi ya upepo, yalitoka karibu nusu ndoo. Tukawasha. Hadi leo haijapepesa. Gharama yote haikufika dola tisini. Na kompyuta yangu niliyoifunga kwa taulo ilikuwa nzima muda wote huo. Sasa natumia ya kuazima.

Na sasa sikieni hili. Jumapili iliyopita nimepigiwa na kijana mmoja, Mkongo, yuko Ohio, ana M925A2, lori la jamii moja na langu. Ananiambia, "Papa, nilisikia sauti yako, ndiyo iliyonifanya nilipe." Yule mwizi alimtumia ile sauti yangu ya shukrani. Kijana yule kalipa dola 1,600 na kapeleka kompyuta yake. Nimekaa na simu sikioni sina la kumwambia. Nimemwomba radhi. Atanisamehe vipi, amepoteza hela kwa dua yangu mimi.

Kwa hiyo mkipata sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Tanga anamsifia fundi wa CTIS, ni mimi, na naifuta mbele yenu wote. Msiiamini.

Mtu huyu anapaswa kufungwa. Si kurudisha hela, afungwe. Anavuna kompyuta nzima kutoka kwetu, anatoa ubao, nadhani huo ubao anauza kwingine kwa wasiojua, na gamba tupu linarudi kwa mjinga anayefuata likiwa na sponji. Siku mtu atakufa barabarani kwa ajili ya ile taa. Nimeshapeleka malalamiko IC3, ile ofisi ya FBI ya wizi wa mtandaoni, na kwa FTC, tume ya serikali inayolinda wateja. Kijana wa Ohio naye amepeleka. Mwingine yeyote aliyepigwa na afanye hivyo leo, msione haya kama mimi, wakiona majina matano juu ya mtu mmoja ni tofauti na jina moja.

Kuna walioniuliza kama hakukuwa na dalili za utapeli. Zilikuwepo. Aliniambia injini ya gari langu ni Caterpillar. A2 ina Cummins, Caterpillar ni za LMTV, lori jingine la jeshi, na 91B hawezi kukosea hapo. Nikadhani ulimi umeteleza. Namba ya stoo ya jeshi aliyonitumia ilikuwa na tarakimu kumi na moja; NSN ni kumi na tatu, siku zote. Sikuhesabu. Na ile video: kompyuta ya kweli ukiiwashia mezani peke yake, bila PCU, inatakiwa ilalamike, maana haioni kitu upande wa pili. Yake ilitulia vizuri kabisa. Nilikuwa naangalia jina langu kwenye ile gundi, sikuangalia hilo. Nilimwomba picha ya ndani akasema akifungua dhamana inavunjika. Na kutaka ya kwako kwanza kabla hajatuma ya kwake, hilo peke yake lingetosha.

Kuhusu namba zake za simu: ameshatumia tatu tofauti, jina kwenye kila moja ni tofauti, ila salamu ni ileile, "Shikamoo kaka mkubwa." Meza ni ileile, ya mbao, kona moja ya mbele imeungua duara kama alama ya pasi. Mwenye video yake anitumie pembeni, nakusanya kwa ajili ya polisi. Na mwenye kompyuta ya A2 nzima ya kuuza kwa bei ya haki, tukutane ana kwa ana, nitaendesha hadi ulipo, tuichomeke kwenye gari langu mbele yako ndipo nilipe. Hii niliyoazima, jamaa wa Houston anaihitaji mwisho wa mwezi.