Kadi ya Nol ya Dubai ukisafiri na familia: uzoefu wangu

Watu wa Kigoma wanaokwenda Dubai huulizana kuhusu viza, bei ya kilo kwa mawakala wa kago, na hoteli ipi ya Deira, ule mtaa wa biashara wa Dubai, ina bei ya kueleweka. Nauli za ndani ya mji hazizungumzwi mpaka mtu amefika, na hapo ndipo unakuta familia ya watu watano inazunguka na teksi kutwa nzima. Mimi natumia kadi ya Nol, nikiwa peke yangu kwa biashara na nikiwa na mke na watoto. Ni kadi nzuri na inafaa kununuliwa. Ila si kila mtu kwenye familia anahitaji aina ileile, na zipo nyakati ambazo ni afadhali ikae mfukoni.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: Nol ni kadi ya kulipia kabla, inatolewa na RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai. Unaweka pesa, unagusisha kwenye mashine, nauli inakatwa. Aliyezoea N-Card ya kivuko cha Kigamboni ataielewa mara moja, tofauti ni kwamba kule unagusisha ukiingia na unagusisha tena ukitoka. Inafanya kazi kwenye metro, mabasi ya mji na tramu. Basi la Dubai halipokei pesa taslimu, kwa hiyo kule hakuna kumpa konda noti na kudai chenji kama kwenye daladala ya Ujiji.

Hesabu zote hapa ni za dirhamu. Dirhamu imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirhamu 3.67. Kwa shilingi mimi huhesabu dirhamu moja kuwa karibu 700, inatosha kwa makisio.

Aina zinazomhusu mgeni ni mbili, Silver na Red. Silver ni kadi ya plastiki ya dirhamu 25, na ndani yake 19 ni salio lako. 6 ndiyo bei ya kadi yenyewe. Red ni tiketi ya karatasi ya dirhamu 2, ambayo unaijaza safari unazotaka, zisizozidi 10, na muda wake ni siku 90. Ubaya wa Red ni kwamba kila safari ina dirhamu moja ya ziada ukilinganisha na Silver, na inatumika kwa aina moja tu ya usafiri: uliyonunua kwa ajili ya metro haipandi basi. Piga hesabu mwenyewe. Silver inakula 6 mara moja. Red inakula 2, halafu 1 kila safari. Kwenye safari ya nne zinalingana, kuanzia ya tano Silver ndiyo rahisi. Kwa hiyo bibi aliyekuja kuiona Burj Khalifa kisha anashinda hotelini mnunulie Red ya kwenda na kurudi, basi. Wengine wote Silver. Wapo wanaowanunulia watoto Red kwa kuwa ni watoto. Hakuna faida yoyote, mtoto anapanda mara nyingi sawa na baba yake.

Ipo pia Gold, bei yake ni ileile 25, lakini nauli yake ni mara mbili. Inakupa behewa lenye viti vipana na watu wachache. Kwa familia ni anasa ambayo sioni sababu yake, na ina kero yake: mwenye Silver akiingia behewa la Gold anapigwa faini, kwa hiyo familia yenye kadi mchanganyiko haiwezi kukaa pamoja humo.

Nauli zinafuata kanda. Kwa Silver, ukibaki ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, ukivuka kwenda kanda ya jirani ni 5, ukipita kanda tatu au zaidi ni 7.50, na haizidi hapo hata uende mwisho wa reli. Deira na uwanja wa ndege viko kanda ya 5. Burj Khalifa na Dubai Mall ni kanda ya 6. Mall of the Emirates na upande wa Marina ni kanda ya 2. Siku ya kawaida ya matembezi ya familia inakuwa hivi: Deira kwenda Dubai Mall 5, Dubai Mall kwenda Marina 5, Marina kurudi Deira 7.50. Jumla 17.50 kwa kichwa. Ndiyo maana siinunui ile pasi ya siku moja ya dirhamu 20, labda kwa mtu anayepanda na kushuka kila kituo. Pasi ya siku saba ya kanda zote ni 110, yaani mpaka upande mara 15 kwa nauli ya juu kabisa ndipo inaanza kukulipa. Mfanyabiashara anayelala Deira na kununua Deira hafiki huko, miguu inatosha.

Mtoto wa chini ya miaka 5, au mwenye urefu usiofika sentimita 90, hapandi kwa nauli wala hahitaji kadi. Kuanzia miaka 5 analipa sawa na mtu mzima. Punguzo la wanafunzi lipo kwenye kadi ya Blue, lakini hiyo ina jina na picha na inaombwa. Kwa mgeni wa siku chache si ya kuhangaika nayo.

Sasa getini, ambako familia ndiko hukwama. Kadi moja haiingizi watu wawili. Ikishagusishwa kuingia, mfumo unaihesabu kuwa iko ndani ya metro mpaka itoke, kwa hiyo ule ujanja wa baba kupita kisha kumrushia mama kadi haufanyi kazi. Kigusisho kiko upande wa kulia wa njia. Mtoto anayeshika kadi kwa mkono wa kushoto hugusisha kile cha kushoto kwake, na geti linalofunguka ni la jirani. Nauli imeshaingia kwenye hesabu, yeye bado amesimama nje, na mtu asiyemjua amepita. Mtoto atangulie, mzazi afuate, na mkono uwe wa kulia. Kwenye kioo kidogo cha geti inatokea nauli iliyokatwa na salio lililobaki. Wafundishe watoto wakubwa kusoma lile salio kila wanapotoka. Kwenye kigari cha mtoto au begi kubwa pitia geti pana la pembeni, usilazimishe yale membamba.

Kadi mbili za Nol zikiwa pamoja ndani ya pochi moja, au Nol na kadi ya benki ya kugusisha, mashine inaona mawimbi mawili na kukataa zote. Usibanie pochi nzima pale, toa kadi moja. Na usiitoboe tundu ili kumvisha mtoto shingoni. Ndani ya plastiki kuna waya mwembamba unaozunguka kadi, ndiyo antena yake, ukikatika kadi imekufa. Nunua kabisa ile mifuko ya plastiki ya vitambulisho yenye kamba kwenye duka la vifaa vya ofisi kabla hujaondoka. Pale Mwanga, Kigoma, ipo, na kule Dubai inaokoa kupekua mabegi kila geti. Andika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko, kwa sababu kadi zote za Silver zinafanana na kila moja ina salio tofauti.

Metro ina behewa la wanawake na watoto, limewekewa mstari wa rangi ya waridi sakafuni. Mwanaume akivuka ule mstari faini ni dirhamu 100. Jioni watu wakitoka kazini mabehewa ya kawaida hujaa kama treni ya mwisho wa mwaka, na mama na watoto wadogo watakaa vizuri zaidi kwenye behewa lao. Hapo ndipo unaona umuhimu wa kila mtu kushika kadi yake: baba yuko kwingine, na mkianza kutafutana mlangoni kwa ajili ya kadi, treni inaondoka. Kubalianeni jina la kituo cha kushukia kabla ya kupanda. Kula na kunywa ndani ya treni ni faini 100 pia, na maji yamo. Biskuti na juisi zikae begini mpaka mtoke nje ya geti.

Kuhusu salio: geti la metro linataka angalau 7.50 ndani ya kadi hata kama unakwenda kituo cha pili, kwa sababu halijui utashukia wapi. Mwenye dirhamu 6 anakataliwa ingawa nauli yake ni 3. Kwa hiyo mimi naona 15 ndicho kima cha chini cha kutoka nacho hotelini, inakwenda na kurudi popote. Kwenye dirisha la tiketi kituoni, tangu Agosti 2024, hawaongezi chini ya dirhamu 50 kwa kadi. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni 200 kwa mkupuo, na nusu yake inaweza kubaki bila kutumika. Nenda kwenye mashine badala ya dirishani. Chagua lugha, weka kadi pale panapooneshwa, chagua kiasi, ingiza noti au kadi ya benki, kisha subiri mpaka kioo kiseme muamala umekamilika. Kuiondoa kadi kabla ya hapo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya pesa kukatwa na salio kutoonekana. Ikitokea, chukua risiti na uende dirishani palepale kituoni, usisubiri kesho.

Kuna kanuni moja inayookoa pesa na wageni wengi hawaijui. Ukitoka metro na kupanda basi ndani ya dakika 30, mfumo unahesabu ni safari ileile, mradi yote isipite dakika 180. Unalipa kanda ulizovuka tu. Mkisimama kununua shawarma na dakika 30 zikapita, nauli inaanza upya kwa kila mmoja. Kutoka uwanja wa ndege kwenda Baniyas Square unabadilisha treni kituo cha Union, laini nyekundu kwenda ya kijani, bila kupita geti lolote, kwa hiyo ni dirhamu 3 tu.

Kwenye basi kusahau kugusisha wakati wa kushuka ndiko kunakouma. Mlango uko wazi, watu wanasukumana, mtoto anaruka nje, na mfumo unamkata kama aliyekwenda mbali kabisa. Tramu ya Marina nayo haina geti. Mashine zimesimama kituoni na ni juu yako kugusisha. Wakaguzi wanapita, na faini ya kutolipa ni 200. Ukitoka metro kwenda tramu unagusisha kutoka metro kwanza, kisha unagusisha kuingia tramu.

Abra, zile boti za mbao za kuvuka mfereji kati ya Deira na Bur Dubai, ni dirhamu 1 taslimu mkononi mwa nahodha. Weka sarafu pembeni. Watoto wa Kigoma hawatashangaa boti, watashangaa bei.

Siku ya kufika na mizigo, hesabu upya. Kila abiria wa metro anaruhusiwa begi moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo la 55 kwa 38 kwa 20. Yale mabegi makubwa ya shangazi kaja yaliyofungwa kamba hayamo kwenye vipimo hivyo. Vituo vya metro viko Terminal 1 na 3. Terminal 2 haina, na baadhi ya ndege za flydubai hutua hapo, kwa hiyo soma tiketi. Teksi ya uwanja wa ndege inaanza na dirhamu 25 kabla gari halijasogea. Mtu mmoja na begi lake apande metro. Watu wanne na mabegi manane kwenda Deira, panda teksi, kadi mtazinunua kesho yake kwenye kituo cha karibu na hoteli, pia Carrefour wanauza.

Mkienda Abu Dhabi, Nol italipa basi la kutoka Dubai, lakini mabasi ya ndani ya Abu Dhabi yanatumia kadi nyingine iitwayo Hafilat. Usiongeze salio kubwa kwenye Nol siku hiyo ukidhani itafanya kazi kote.

Salio lililobaki halipotei. Linalipia teksi, linalipia vitu kwenye maduka yanayopokea Nol, na linalipia kiingilio cha bustani za mji kama Al Mamzar, dirhamu 5 kwa mtu, ambako ndiko ningewapeleka watoto siku ya mwisho. Silver haina jina, inadumu miaka 5, kwa hiyo unaweza kumwazima shemeji anayeondoka mwezi ujao. Angalia tu imetolewa lini.

Na mkirudi nyumbani kwa ndege ya Jumapili asubuhi, metro siku hiyo inaanza saa 2 asubuhi, wakati siku nyingine inaanza saa 11 alfajiri. Hapo agizeni teksi kuanzia usiku.