Tanuri la risasi la mtumba: lilivyovuja na nilivyolikomesha

Tanuri hili ni la umeme, limeundwa Marekani, na hubeba ratili 20 za madini ya risasi, yaani kama kilo 9. Huko kwao hutumiwa na watu wanaojisubia, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, risasi za bunduki nyumbani. Mimi nasubu machubwi, vile vizito vya kuzamisha mishipi ya kuvulia, hapa Mtwapa karibu na Mombasa, na madini ni yaleyale. Nililipata kwa dalali wa soko la Kongowea, Mombasa, kwa shilingi 6,500, limejaa kutu, plagi imekatwa, na ndani mna risasi ya mwenyewe wa zamani iliyogandia humo. Nimelitumia miezi minane sasa. Nalipenda sana, lakini wiki tatu za mwanzo zilinitoa jasho, na naandika haya ili mwingine akiliona sokoni ajue anachokichukua.

Kabla yake nilikuwa na jiko la mkaa, sufuria nzito na upawa. Ubaya wa upawa ni kwamba unachota juu, na juu ndiko uliko utando na taka zote. Mzee mmoja mvuvi alinirudishia chubwi la robo kilo likiwa limekatika sikio. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akaliweka mkononi mwangu: "Mwanangu, tazama tumbo lake." Lilikuwa na mashimo kama maandazi. Wakati wa bamvua maji huvuta kwa nguvu, na chubwi likimkatikia mtu akiwa kwenye kina, amepoteza ndoana, chambo na pengine siku nzima. Maneno yake yalinikaa. Tanuri hili humimina kutoka chini: ndani mna ufito wa chuma uliosimama wima juu ya tundu, ukiinua mkono wa pembeni ufito unanyanyuka na risasi safi inashuka kwenye kalibu, taka zinabaki zikielea juu. Nilikuwa nanunua tundu hilo hasa.

Kitu cha kwanza: pindua tanuri usome kibandiko. Langu limeandikwa volti 120, wati 700. Dalali aliniambia nichomeke tu ukutani, litachemka. Lingechemka kweli. Umeme wetu ni volti 240, na volti zikiwa mara mbili kwenye koili ileile, nguvu haiwi mara mbili bali mara nne: wati 700 zinakuwa 2,800. Koili ingeungua, na aliye karibu angekuwa na kilo tisa za risasi ya moto miguuni. Nilipima koili kwa mita nikapata ukinzani wa omu 21, ambayo ndiyo hesabu inayotakiwa (120 mara 120, gawa kwa 700), nikajua ni nzima. Nikatafuta transfoma ya kushusha umeme ya wati 1,500. Zipo za wati 750 za bei rahisi, lakini kuibebesha transfoma karibu uwezo wake wote kwa saa tatu mfululizo ni kuiua. Transfoma ilinigharimu karibu sawa na tanuri lenyewe, kwa hiyo ukipiga bei, piga bei ya vyote viwili.

Nilipofungua mfuniko wa chini nilikuta waya zimekauka ngozi na kiungio kimoja kimeungua kikawa cheusi. Kiungio kilicholegea hujitengenezea joto lake lenyewe, na hapo ndipo matanuri mengi yanapokufa, koili ikiwa bado nzima. Nilibadilisha waya zote mbili kwa zile za oveni zenye ala ya nyuzi za kioo, kwa sababu waya wa kawaida wa nyumba huyeyuka humo. Ncha za thermostati zilikuwa na vidonda, nikazipitisha msasa laini mara mbili tatu. Halafu nikaweka plagi ya pini tatu na kufunga waya wa ardhi kwenye mwili wa chuma, nikahakikisha kwa mita kwamba ardhi hiyo inapita kwenye transfoma hadi ukutani. Kama hujui kazi hii, mpe fundi wa umeme. Ni kazi ya nusu saa.

Sasa kuvuja. Mara ya kwanza nilipoliwasha, risasi iliyeyuka vizuri, na pale pale tundu likaanza kudondosha. Tone, tone, kisha mchirizi mwembamba kama uzi. Nilizima, nikaacha vitu vigande, nikakaa nikilitazama. Wenzangu wawili waliniambia tundu limelika, nilizibe au nilitoboe upya kwa drili. Nashukuru sikuwasikiliza. Tundu ni kiti cha ufito, na kikishaguswa na drili hakirudi kuwa mviringo.

Mara nyingi kinachovujisha tanuri la namna hii ni taka. Chembe moja ya kutu au ya utando ikikaa kati ya ncha ya ufito na kiti chake, ufito haushuki hadi mwisho. Juu ya ufito kuna mfuo wa bisibisi. Risasi ikiwa ya moto, ingiza bisibisi yenye mpini mrefu, uzungushe ufito kushoto na kulia huku ukiukandamiza kidogo, na mara nyingine hilo peke yake latosha. Kwangu lilipunguza, halikukomesha.

Basi nikamimina risasi yote nikalitoa tupu. Lilipopoa nilichomoa ufito. Ncha yake ilikuwa na ganda gumu la kahawia, na ndani ya chungu ukutani kutu ilikuwa inameng'enyuka. Hapo usikimbilie msasa mkavu, maana vumbi hilo lina risasi na litaishia mapafuni mwako. Nililainisha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, nikakwangua polepole, nikakusanya matope yote kwenye kopo lenye kifuniko. Kisha nikachukua ile dawa ya kusagia vali wanayotumia mafundi wa injini, ya laini, nikaipaka kwenye ncha ya ufito, nikausokota ndani ya kiti chake kwa bisibisi, dakika kumi hivi, nikifuta na kupaka tena. Unapoona pete ya rangi moja imezunguka ncha yote bila kukatika, acha. Ukiendelea utachimba shimo. Nikaosha dawa yote, nikaanika chungu juani siku mbili, nikalipasha moto tupu kabla ya kutia risasi hata kipande.

Siku ya pili ya majaribio lilidondosha tone moja kila dakika kadhaa. Nikafunga kipande cha chuma kama robo kilo kwenye mkono unaokandamiza ufito. Likakoma. Tangu hapo huvuja tu ninapolitilia risasi chafu, na hilo ni kosa langu.

Kuna tatizo la kinyume chake pia: tundu kuziba. Mdomo wake umening'inia nje, mbali na koili, na upepo wa kusi ukipiga risasi inaganda pale ilhali chungu chote kinachemka. Nilihangaika hadi nikaelewa ni upepo. Sasa nimeweka kinga ya bati upande wa bahari, na asubuhi naupasha mdomo kwa moto wa gesi sekunde chache. Ukiziba katikati ya kazi, waya mwembamba uliokunjwa, ukishikwa kwa koleo kutoka chini, unaufungua. Simama pembeni unapofanya hivyo, usiwe mbele ya mdomo.

Thermostati ina namba 1 hadi 9 ambazo hazina maana yoyote ya nyuzijoto. Nunua kipimajoto cha risasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, mimi hufanya kazi kati ya 370 na 400, na kwa tanuri langu hiyo ni namba 6 kasoro. Chini ya hapo machubwi yanatoka na mikunjo. Likijaa, risasi inakuwa tayari kwa kama nusu saa. Kazi ya saa tatu hula uniti mbili za umeme.

Kukaa chini ya 400 kuna faida nyingine. Vizito vya kubalansi magurudumu ninavyochukua kwa mafundi wa matairi huchanganyika na vya zinki na vya chuma. Zinki haiyeyuki mpaka ifike 419, kwa hiyo huelea na nikaiopoa. Ikiyeyuka humo risasi inakuwa kama uji na haijazi kalibu tena. Vingi vimeandikwa Zn au Fe, vichambue kwanza ukiwa na macho safi ya asubuhi.

Betri za gari siziyeyushi, hata nikipewa bure. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kuhadithiwa. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapo Mombasa, watoto waliugua kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania hadi akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tanuri langu ni dogo, lakini sumu ni ileile. Linakaa nje chini ya banda lisilo na kuta, watoto hawafiki, nguo za kazi hazilali ndani ya nyumba, na sili wala sinywi kabla ya kunawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko.

Na maji. Hewa ya pwani ina unyevu, kipande cha risasi kilicholala nje usiku kinatoka na umande. Kikizama kwenye risasi iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke mara moja na kurusha risasi yote juu. Mimi hupanga vipande ukingoni mwa chungu vikapata joto kwanza, na chungu nikikijaza upya huvisukuma kimoja kimoja. Ngao ya uso, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu wote. Mvua ikinyesha sifanyi kazi.

Kama unasubu machubwi kumi kwa mwezi, jiko na upawa vitakutosha, usijisumbue. Mimi kwa mjazo mmoja natoa thelathini ya robo kilo, na nabakiza kidogo chini ili taka isifike kwenye tundu. Hakuna lililorudi na mashimo. Mzee amechukua kumi na mawili ya bamvua hii, na ameniomba nitafute kalibu ya nusu kilo.